Kichomi Kilichoanzia Mguuni

Huu ni mwaka wangu wa 14 nafundisha sayansi shule ya msingi. Mzunguko wa damu huwa naufundisha kwa chaki mbili, nyekundu na ya bluu, na nimeuchora mara nyingi hadi naweza kuuchora nimefumba macho. Vena zinapanda kutoka miguuni, zinaungana kuwa mshipa mmoja mkubwa, zinaingia upande wa kulia wa moyo, na moyo unaisukuma damu yote hiyo kwenye mapafu kabla haijaenda popote pengine. Kisha nauliza darasa zima: "Damu iliyotoka mguuni, ikishapita moyoni, inakwenda wapi kwanza?" Wanajibu kwa pamoja, kwa kuvuta: "Mapaaafu!"

Juni 2023 mwanangu alilazwa, mguu umevimba chini ya shuka, mbavu zinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Nilikaa pembeni yake siku mbili nzima bila kujiuliza swali hilo.

Nyumbani tunamwita Babu kwa sababu kabeba jina la marehemu baba yangu. Alikuwa na miaka 8, mwembamba, kilo 22, hajawahi kulazwa tangu azaliwe. Tunaishi Morogoro, na Juni ya Morogoro ina ubaridi wake, ule unaoteremka jioni kutoka Uluguru. Ilikuwa likizo. Akarudi kutoka kwenye chandimu akichechemea, kashika juu kidogo ya goti la kushoto, akasema amegongana na mwenzake. Kidonda hakuna, alama hakuna. Mama yangu, aliyelea watoto saba na wajukuu ambao mwenyewe kaacha kuwahesabu, alichemsha maji, akatia chumvi, akamkanda. Ndivyo nilivyokandwa mimi, na ndivyo alivyokandwa baba yangu. Babu alilia kupita kawaida yake. Nikamwambia mwanaume halii.

Katika yote niliyoyafanya wiki ile, hilo ndilo ninalolijutia zaidi.

Usiku akapata homa. Asubuhi panadol, mchana nafuu, usiku homa tena. Siku ya tatu nikampeleka zahanati. Kipimo cha malaria kikasoma hasi, mkojo ukapimwa, nikaambiwa ana U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa dawa. Sisemi ugonjwa huo haupo. Upo, na watoto wanaugua. Ila mtaani kwetu imefika mahali homa yoyote isiyo malaria inaitwa U.T.I., kama zamani kila homa ilivyoitwa malaria kabla vipimo vya haraka havijaja. Mguu niliutaja. Nilisema, "Na mguu unamuuma, aligongwa akicheza mpira." Kwa kuwa niliutaja pamoja na sababu yake, haukuandikwa. Sababu imeshapatikana, nani ahangaike kuitafuta nyingine?

Usiku wa siku ya tano akaniamsha. "Baba, kinanichoma hapa." Kidole kimegusa ubavuni. Mama yangu, akiwa chumba cha pili, akajibu kabla yangu: "Hicho kichomi." Ni neno la zamani, na kwangu mimi linaishinda "nimonia", kwa sababu linasema kile anachokisikia mgonjwa mwenyewe: kila akivuta pumzi kuna kitu kinachoma. Nikamvua shati, nikawasha saa ya simu, nikahesabu kifua kikipanda kwa dakika nzima. Mara 48. Na chini ya mbavu palikuwa pakibonyea kila akivuta.

Kuhesabu huko nilikujua tangu Babu akiwa mchanga, kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kliniki. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, hiyo ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, 40. Babu alishavuka umri wa karatasi ile, lakini mtoto wa miaka 8 aliyelala, akifika hata 30 tu, ana jambo. Napenda historia ya hesabu hii kwa sababu haikuanzia kwenye mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari Frank Shann na wenzake walikuwa Goroka, nyanda za juu za Papua New Guinea, wakitafuta namna ya kumtambua mtoto mwenye nimonia mahali pasipo na eksirei. Wakaona kwamba ukihesabu pumzi, na ukatazama kama nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani, unaweza kuamua nani apewe dawa na nani alazwe. Shirika la Afya Duniani likajenga miongozo yake juu ya msingi huo. Mzazi mwenye saa anaweza kufanya nusu ya kazi hiyo sebuleni, mradi amvue mtoto nguo.

Mimi nilimvua shati. Suruali sikumvua.

Alfajiri tukapanda bodaboda, Babu katikati. Hospitali wakambana kidole kwa kile kibanio chenye taa nyekundu, namba ya oksijeni ikasoma asilimia 86. Babu akauliza kwa nini kidole chake kinawaka, na mwalimu ndani yangu akaamka pale pale. Nikamweleza kwamba damu yenye oksijeni ni nyekundu inayong'aa, isiyo nayo ina weusi, na kifaa kinapitisha mwanga wa aina mbili kidoleni kupima tofauti. Mjapani Takuo Aoyagi aliligundua wazo hilo miaka ya 1970. Alikuwa mhandisi, si daktari, na kilichompa njia ni mapigo ya mshipa yaliyokuwa yanamharibia vipimo vyake. Niliyasema yote hayo ili nisiifikirie namba yenyewe. Chini ya 90 mtoto anahesabiwa kuwa na nimonia kali na anahitaji oksijeni. Wakampachika mirija puani, wakamtia kanula, wakampiga eksirei, wakaanza sindano za seftriaksoni.

Niseme ukweli: neno nimonia lilinituliza. Najua ni ugonjwa mbaya. Mwaka 2019 peke yake uliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani, na hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza unaowaua wa umri huo kuliko huo. Lakini una jina, una dawa, na tulikuwa mahali penye oksijeni. Nikampigia mama yake, aliyekuwa msibani Kilosa, nikamwambia wameshajua tatizo.

Siku ya kwanza hakuna nafuu. Siku ya pili homa ikapanda hadi 39.6, na makohozi yakawa na michirizi ya damu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba dawa ya nimonia ikiwa sahihi, saa 48 zinatosha kuona mtoto anaelekea wapi. Zikapita.

Asubuhi ya siku ya tatu wodini akaja daktari mwingine, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Hakuanza na faili. Alimwambia mama yangu, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, kisha akaivuta shuka yote hadi miguuni. Akasimama kidogo. Akamwambia Babu akunje goti la kulia, akakunja. La kushoto hakuthubutu. Paja lilikuwa limejaa, linang'aa, na mishipa midogo ya juu ya ngozi imejitokeza kama mistari ya ramani.

"Kuna futi?" akauliza. Sista hakuwa nayo. Mama wa kitanda cha jirani, fundi cherehani, akaitoa ya kwake kwenye mkoba. Daktari akapima mapaja yote mawili, umbali ule ule juu ya goti. La kulia sentimita 34. La kushoto 38.

"Bibi, mguu huu mliukanda?"

"Tuliukanda mwanangu. Kwa maji ya chumvi."

"Haya. Basi tusiukande tena, bibi, hadi nitakapowaambia."

Hakuongeza neno. Nimewahi kuwaona watu wenye elimu wakiwafokea wazee kwa jambo dogo kuliko hilo, na namna alivyolisema bado naikumbuka. Baadaye nilimuuliza pembeni kama kukanda ndiko kulikovunja kitu na kukipeleka juu. Akaniambia hakuna wa kujua, vipande hukatika hata mtu akiwa amelala.

Kisha akaishika ile eksirei akaielekeza dirishani. Nimonia ya kawaida, akasema, mara nyingi hukamata sehemu moja ya pafu, kama doa la maji kwenye dari. Hii ilikuwa ya vidoa vya duara, pande zote mbili, vingi vikiwa pembezoni mwa pafu, viwili vina uwazi katikati kama kiota kilichotobolewa. "Hii haikuingia kwa njia ya hewa, baba. Hii ililetwa na damu."

Pale ndipo nilipoiona chaki ya bluu. Mguu, vena, upande wa kulia wa moyo, mapaaafu.

Ultrasaundi ilifanyika mchana huo. Kwenye vena kubwa ya paja kulikuwa na bonge la damu lililoganda, limeziba mshipa wote, na kando ya mfupa, juu ya goti, kulikuwa na usaha. Kumbe chandimu haikuwa ugonjwa. Mifupa ya watoto inapokua, hasa karibu na goti, ina mishipa midogo ambamo damu hupita polepole, na bakteria aliyeingia kwenye damu kupitia kijidonda hata cha kujikuna anaweza kutua hapo. Kugongwa kidogo kunampa mahali pa kukaa. Mfupa ukaoza ndani, usaha ukasukuma mshipa ulio jirani, mshipa ukavimba, damu ikaganda humo, na bonge lenyewe likawa limejaa bakteria. Vipande vikaanza kukatika. Kila kipande kilichokatika kilikuwa na njia moja tu ya kupita, na kilikwama pale mishipa ya mapafu inapokuwa myembamba. Ndiyo maana vidoa vilikuwa pembezoni.

Majibu ya damu iliyooteshwa maabara yalikuja siku chache baadaye: stafilokokasi aureasi. Bakteria huyu daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Alexander Ogston, alimwona kwenye usaha wa majipu mwaka 1880, akampa jina kutokana na neno la Kigiriki la kishada cha zabibu, kwa namna wanavyojikusanya. Lakini kilichonikosesha usingizi ni jambo alilonionyesha fundi wa maabara kwa hisani yake, baada ya kusikia kwamba ni mwalimu wa sayansi. Ili kumtofautisha huyu na ndugu zake wapole wanaoishi kwenye ngozi zetu, wanamtia kwenye kijimrija chenye plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu, na kusubiri. Ndugu zake wakitiwa, plazma inabaki maji. Huyu akitiwa, inaganda kama uji uliopoa. Ana kimeng'enya chake mwenyewe cha kugandisha damu, kinaitwa koagulesi. Fikiria mwizi anayejenga ukuta wa kujifichia kwa matofali ya nyumba anayoiibia.

Mjerumani Rudolf Virchow, katika miaka ya 1840, ndiye aliyeonyesha kwamba mabonge yanayokutwa kwenye mapafu ya maiti mara nyingi yametoka mbali, kwenye vena za miguu, yakasafiri. Wengi waliomtangulia waliamini yanazaliwa humo humo. Jina lake leo limebaki kwenye mambo matatu ambayo wanafunzi wa udaktari wanayakariri: damu inaganda mahali pasipotakiwa ikiwa inakwenda polepole, au ukuta wa mshipa umeumia, au damu yenyewe imekuwa rahisi kuganda. Nilipoyasikia nikamtazama Babu. Siku nane hajakanyaga mguu chini. Ukuta wa mshipa umebanwa na usaha. Na mwili wenye maambukizi makali hubadilisha damu yenyewe, kwa sababu kuganda ni sehemu ya ulinzi wetu wa zamani kabisa: mwili unajaribu kumzingira adui asisambae. Mambo yote matatu yalikuwa yamekaa kwenye kitanda kimoja, na mimi nilikuwa nikihesabu pumzi.

Tulipewa rufaa kwenda Dar. Safari ile ya ambulensi kupitia Chalinze sina cha kuisimulia. Nilitazama mtungi wa oksijeni tu, ule mshale wake, njia nzima.

Dar walimfungua mguu, wakatoa usaha, wakatoboa mfupa ili usaha unaozalishwa ndani upate pa kutokea. Seftriaksoni ikaachwa, wakaanza kloksasilini kwa mshipa, kwa sababu kwa bakteria huyu hiyo ndiyo inayopiga shabaha. Wiki 6 za dawa kwa ujumla, tatu kati yake za sindano. Na pamoja na hayo, sindano ya pili, ndogo, ya kuchomwa chini ya ngozi ya tumbo asubuhi na jioni: enoksaparini.

Hapa nataka nikae kidogo. Wodini kila mtu aliiita "sindano ya kuyeyusha damu", na mimi nikawa naiita hivyo hivyo, hadi daktari aliponirekebisha. Haiyeyushi kitu. Inazuia bonge lisiongezeke na jipya lisizaliwe. Kuliyeyusha ni kazi ya mwili wenyewe, na mwili haufanyi haraka. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mzazi, maana mtu anayengoja kuyeyuka atakata tamaa siku ya nne mguu ukiwa bado umejaa. Anaweza hata kuona dawa haifanyi kazi akaiacha.

Kipimo chake kwa mtoto wa umri wake kilikuwa miligramu 1 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Kilo 22, miligramu 22. Lakini sindano zile zinakuja zimeshajazwa kwa ajili ya watu wazima, miligramu 40 au 60, na huwezi kukisia 22 kwa jicho. Sista mmoja mtu mzima akanionyesha wanavyofanya: dawa inahamishiwa kwenye bomba la sindano la insulini. Kwa kuwa kila mililita 1 ya dawa ina miligramu 100, na bomba lile limegawanywa mistari 100 kwa mililita, mstari mmoja ni miligramu moja. Mistari 22. Nikafikiri, hili ni swali la Darasa la Saba kabisa, na kuna mtoto anapumua kwa sababu mtu amelikokotoa sawasawa. Kabla ya upasuaji dozi zilirukwa asije akavuja damu mezani, baadaye zikarudishwa. Babu alizichukia kuliko kloksasilini. Tuliafikiana kwamba mimi nitahesabu hadi tano na yeye ataruhusiwa kunitukana kwa Kiluguru, lugha ambayo alijifunza kwa bibi yake na anadhani siielewi.

Kitanda cha tatu kutoka kwetu kulikuwa na binti wa miaka 6 mwenye sikoseli. Naye alikuja kama nimonia: homa, kichomi, oksijeni chini, eksirei imefunga weupe. Kwa watoto wa sikoseli hali hiyo ina jina lake, na inaua haraka, kwa sababu chembe zilizopinda hunata kwenye mishipa midogo ya mapafu na kuiziba. Oksijeni ikishuka, chembe nyingi zaidi zinapinda. Humo humo kwenye pafu damu inaweza kuganda bila kutoka mguuni wala popote. Antibayotiki peke yake haimtoshi. Walimwongezea damu, na siku iliyofuata alikuwa anagombania simu ya mama yake. Tanzania ni moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na sikoseli, na wengi wao mara ya kwanza familia inajulishwa ni siku kama hiyo. Mama yule aliniambia mtoto alishalazwa kwa "nimonia" mara tatu kabla mtu hajapima damu yake.

Nilipotulia ndipo nilipoanza kusoma, na nilichokikuta ni kwamba kuganda kwa damu kwa watoto ni jambo la nadra, lakini wodini si nadra kama tunavyodhani. Madaktari wa Kanada, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1994, walihesabu watoto 5.3 kwa kila 10,000 waliolazwa. Marekani, kwenye hospitali za watoto, hesabu ilitoka 34 mwaka 2001 ikafika 58 mwaka 2007 kwa kila 10,000. Si kwamba damu ya watoto imebadilika. Watoto wagonjwa sana siku hizi wanapona magonjwa yaliyokuwa yanawaua, na wanapona wakiwa na mirija ndani ya mishipa mikubwa, mirija ambayo ndiyo sababu inayoongoza ya mabonge hayo. Na mashine za kuyaona zimekuwa nyingi. Kwetu mirija hiyo ni michache, na mashine pia, kwa hiyo sidhani kama tuna mabonge machache. Tuna vifo vingi vilivyoandikwa "nimonia" vikaishia hapo. Hiyo ni dhana ya mwalimu, msiinukuu.

Kuna na nimonia nyingine inayowakamata zaidi watoto wa shule, ya maikoplazma, bakteria asiye na ukuta wa seli. Kwa kuwa hana ukuta, amoksilini haina pa kumshika, maana dawa za ukoo huo huua kwa kuvunja ukuta. Kwa kawaida ni mpole, mtoto anakohoa wiki tatu huku anakwenda shule. Lakini akichachamaa, hasa madaktari wa China wameripoti watoto wengi walioganda damu mapafuni, miguuni, hata kwenye ubongo. Dalili wanazozitaja ni zile zile ambazo Babu alikuwa nazo na hakuna aliyeziunganisha: homa isiyoshuka kwa dawa, kifua kinachouma kuliko inavyotarajiwa, makohozi yenye damu, oksijeni isiyolingana na kinachoonekana kwenye eksirei, na mguu au mkono mmoja ulio mnene kuliko mwenzake.

Ndugu walipokuja kutuona Dar, swali lilikuwa moja: "Kwani hakuchanjwa?" Alichanjwa. Ninayo kadi. Chanjo ya nimonia ilianza kutolewa nchini kuanzia Januari 2013, na Babu aliipata wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Lakini chanjo ile inakinga aina 13 za nimokoka, bakteria mwingine anayeleta nimonia, na hakuna hata moja kati yake iliyo stafilokokasi. Kufikiri kwamba chanjo imeshindwa ni kama kulalamika kwamba mlango wa mbele ulikuwa umefungwa na mwizi akapitia dari. Kwa mlango wake imefunga vizuri sana. Kilifi, Kenya, ambako watafiti wamekuwa wakihesabu kwa miaka mingi, magonjwa makali yanayotokana na aina zilizomo kwenye chanjo yao yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mjomba mmoja hakuridhika. Alitaka jibu fupi zaidi, na sikuwa nalo.

Tulirudi Morogoro na begi la dawa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulioonyesha kwamba kwa watoto wengi ambao bonge lao lina sababu inayojulikana, wiki 6 za dawa zinatosha sawa na miezi 3, mradi mshipa uwe umeanza kufunguka. Daktari wetu alitueleza hivyo, tukawa tunaisubiri wiki ya 6 kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ultrasaundi ikaonyesha mshipa bado umefungwa kabisa. Kwa hiyo miezi 3. Nilimchoma mimi mwenyewe, mistari 22, baadaye mistari 24 kwa sababu alianza kunenepa, na sijawahi kuifurahia hesabu kama ile. Mwezi wa tatu mshipa ukaonekana umepata njia, nyembamba, yenye makovu.

Mapafu yalipona yote. Nalisema hilo kwa sababu wazazi wengi wanaouona weupe ule kwenye eksirei wanadhani mtoto atabaki mlemavu wa kifua. Vile vidoa viliondoka, na leo anapiga filimbi ya karatasi hadi majirani wanalalamika. Mguu ndio uliobaki na kumbukumbu. Vena zina valvu zinazozuia damu isirudi chini, na bonge likikaa humo muda mrefu huziharibu. Akisimama sana unajaa, akikimbia unakuwa mzito. Anavaa soksi ya kubana, ambayo wenzake waliicheka wiki moja kisha wakaanza kuitaka. Kliniki Dar tulikuwa tunakwenda kwa basi, sasa tunapanda treni ya SGR, na kwa Babu safari nzima ya hospitali imegeuka kuwa safari ya treni yenye kituo kimoja cha kuudhi katikati.

Mwaka jana nilifundisha tena mzunguko wa damu. Nilichora, nikauliza, wakajibu kwa kuvuta. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kama kuna kitu kimekwama mguuni kikachomoka, nacho kinakwenda huko huko?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama nimewahi kuona. Kengele ikanisaidia.

Yule mama fundi cherehani alituachia futi yake siku tunaondoka wodini, akasema atanunua nyingine. Inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha mama yangu. Hakuna daktari aliyetuambia tuendelee kupima, na nadhani Babu angependa tuache. Lakini kila Ijumaa jioni, baada ya swala, bibi yake anamwita, anavaa miwani, anapima la kulia, anapima la kushoto, ananisomea namba niandike kwenye daftari.

"Thelathini na saba. Thelathini na nane."

"Bibi, umevuta sana upande huo."

"Simama vizuri, basi, nipime upya."